Redio ya Gari la Sista

Saa nane mchana, baada ya kula makande, Simeoni alipapasa njia yake kutoka barazani hadi kwenye gari, akafungua mlango wa kushoto na kuketi. Alifanya hivyo kila siku tangu macho yake yazimike kabisa, mwaka wa tatu sasa. Ndani ya gari joto la Same lilikuwa limetuama kama ndani ya tanuri, lakini katika mji ule wote hapo ndipo mahali pekee alipojua kila kitu kilipo. Akanyoosha mkono wa kulia kutafuta kitufe cha redio. Redio yenyewe siku hizi ilikuwa haisemi neno, inatatarika tu kama mafuta kwenye kikaango, ila alipenda kukizungusha kile kitufe na kukisikia kikilia "tik" chini ya kidole gumba.

Vidole vyake vikagusa kioo.

Akapapasa juu, akapapasa chini. Kioo kitupu, kipana kama sahani ya mraba. Pembeni mwa kioo kidole kikakwaruzwa na kitu chenye makali.

"Mama Prosper!" aliita. "Njoo uone. Kuna mtu ameingia kwenye gari."

Mkewe Jesca alitoka jikoni akichechemea. Nyonga yake ya kulia ilikuwa imemsumbua tangu mwaka jana. Aliinama mlangoni. Mahali pa redio ya zamani, ile yenye vitufe vitano vyeupe na mshale mwekundu, palikuwa na skrini nyeusi inayong'aa. Dashibodi ilikuwa imekatwa kwa msumeno wa chuma ili skrini iingie. Kingo zilikuwa zimechongokachongoka, na ufa ulikuwa umeanzia pale ukaelekea kwenye kijisanduku cha mbele ya Simeoni. Chini kwenye zulia kulikuwa na unga wa plastiki.

Prosper, mtoto wao, alitokea nyuma ya nyumba akiwa anatabasamu. Alikuwa na miaka thelathini na minane, amerudi kwa wazazi baada ya biashara yake ya Arusha kufa, na sasa aliuza makava ya simu karibu na stendi.

"Nilitaka mjionee wenyewe," alisema. "Baba, hiyo ni skrini. Hakuna kuzungusha tena, unagusa tu. Inashika FM zote, ina blututhi, na ukirudi nyuma unaona kila kitu kwenye kamera."

"Nani anaona?" Simeoni aliuliza.

Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kwa sababu alitaka kujua. Lakini tabasamu la Prosper lilikauka, naye akaanza kuyaangalia matairi.

"Redio iko wapi?" Jesca aliuliza.

"Ipi, Mama?"

"Redio ya gari langu."

"Ile mbovu? Nimemwachia fundi. Amenipunguzia bei."

Jesca alifunga mlango wa gari taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba alicholala mgonjwa, akarudi jikoni.

Gari lenyewe lilikuwa Toyota Corolla DX, rangi ya maziwa. Jesca alilinunua mwaka themanini na tisa, alipokuwa muuguzi kule Gonja, kutoka kwa daktari mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Kule milimani halikuitwa Corolla. Liliitwa gari la Sista. Sasa lilikuwa linauzwa, na aliyetaka liuzwe hakuwa Prosper wala Jesca. Alikuwa Simeoni.

Walishuka kuja Same kwa ajili ya kliniki ya macho, na macho yalipokwisha hapakuwa na sababu tena ya kubaki. Hapa mjini Simeoni alikuwa mfungwa. Akitoka nje ya geti, bodaboda zinampitia puani. Akikaa ndani, anasikia upepo ukipiga vumbi kwenye mabati hadi jioni. "Gonja naijua kwa nyayo," alimwambia mkewe. "Kutoka mlangoni kwetu mpaka kwenye bwawa la ndiva, nikianguka nitaanguka mahali ninapopajua." Lakini nyumba ya Gonja ilikuwa imeezuliwa na upepo wa masika, na mbao za juu zimeoza. Kuiezeka upya kulihitaji milioni saba na ushee. Hawakuwa na kitu kingine cha bei hiyo.

Mnunuzi alipatikana Moshi. Aliitwa Zephania, mwenye magari matatu ya zamani ambayo huyakodisha kwenye harusi. Aliona picha alizotuma Prosper, akakubali milioni tisa, kwa sharti moja: gari liwe kama lilivyotoka kiwandani. Viti vile vile, wilikapu za matairi zile zile, redio ile ile, hata kama haisemi. Angekuja kulichukua Jumamosi.

Na siku ya skrini ilikuwa Jumatatu.

*

Jioni ile ile simu ya Prosper ililia. Kumbe mchana, kwa fahari yake, alikuwa amemtumia mnunuzi picha ya skrini mpya. Aliweka sauti kubwa ili wazazi wasikie.

"Mama, shikamoo," sauti ya Zephania ilisema.

"Marahaba, baba."

"Mama, samahani kwa nitakayosema. Hili si gari nililokubali. Skrini hizi Moshi zimejaa, naweza kununua kumi leo. Ile redio siwezi kuinunua popote. Na hii dashibodi iliyotafunwa hivi, nani ataikodisha kwa harusi?"

"Ni mtoto alitaka kulipendezesha."

"Mtoto ana umri gani?"

Prosper alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono katikati ya magoti. Jesca alimtazama mwanawe.

"Nashangaa tu," Zephania aliendelea, akicheka kidogo. "Wapare ninavyowajua mimi hawatupi hata msumari uliopinda. Nyie mmenipa kitu kipya. Kwa hali hii, Mama, milioni nne ni kwa kukuheshimu."

"Njoo Jumamosi kama tulivyopanga," Jesca alisema. "Ukifika tutaongea."

Simu ilipokatika, Prosper alisema kwa sauti ndogo, "Nilitumia hela yangu yote, Mama. Nilidhani akiona kipya atasahau sharti lake, apande mpaka kumi."

"Najua."

"Na Baba angepata kitu cha kusikiliza hizi siku zilizobaki kabla gari halijaondoka."

Simeoni alikuwa ameegemea ukuta, uso ameuelekeza juu. "Mwanangu," alisema, "ile redio ya zamani niliweza kuiendesha nikiwa kipofu. Hii yako imenipofusha mara ya pili." Kisha akaona maneno yamekuwa makali mno, akaongeza, "Lakini umefikiria. Wengine hawafikirii."

*

Asubuhi Jesca alivaa viatu vyake vya kazini vya zamani, vile visivyo na kisigino, akaenda na Prosper kwa fundi aliyefanya kazi ile, kando ya barabara kuu. Fundi hakusimama kumsalimia. Alikuwa chini ya pikapu, ikionekana miguu tu.

"Ile redio nilishaiuza, Mama. Kuna dada Lembeni anachukua takataka za namna hiyo. Fadhila."

"Na hela ya kijana wangu? Tukikurudishia skrini?"

Miguu ilitingishika kwa kicheko. "Kitu kimeshafungwa, Mama, kimeshatumika. Ukinunua gauni ukalivaa, unarudisha?"

Vijana wawili waliokuwa wanaosha injini walicheka pia. Prosper alitaka kujibu, mama yake akamshika mkono. Alikuwa amewahudumia wanaume wengi wenye kiburi, wengine wakiwa wamelala uchi kwenye mashuka ya hospitali, na alijua kwamba kubishana na miguu hakuna faida.

"Turudi nyumbani tukamchukue baba yako," alisema. "Tunaenda Lembeni. Ninaendesha mimi."

Prosper alikuwa na leseni, na nyonga ya mama yake ilikuwa mbovu, lakini hakubisha.

Walitoka Same saa nne. Jesca alivuta choki, akangoja injini itulie, akaingiza gia bila kuangalia. Simeoni alikaa kushoto, mahali pake pa miaka thelathini na zaidi. Hakuwahi kujifunza kuendesha. Alikuwa karani wa chama cha ushirika, mtu wa kalamu, na watu wa Gonja waliwahi kumcheka kwamba anabebwa na mkewe. Aliwajibu, "Na nyinyi mnabebwa na nini? Na miguu. Haya, tuone nani atatangulia kufika kijijini Kisiwani."

"Unakumbuka," alisema sasa, barabara ikivuma chini yao, "siku ya tangazo la Eliufoo?"

"Nakumbuka."

Prosper, kwenye kiti cha nyuma, aliuliza Eliufoo ni nani.

"Jirani yetu," baba yake alisema. "Wewe ulikuwa bado unatambaa. Wakati ule kijiji kizima redio zilikuwa tatu, na mbili hazikuwa na betri. Jioni mama yako alikuwa anafungua milango yote minne ya gari hili, watu wanakuja na vigoda vyao. Taarifa ya habari, halafu matangazo ya vifo. Hapo hata mtoto halii. Siku moja wakasoma jina la mdogo wake Eliufoo, amefariki Tabora, mazishi yanasubiri ndugu. Eliufoo alikuwa amekaa hapo nje, amepakata kuku aliyetaka kumuuza. Alimwachia tu yule kuku. Alfajiri mama yako akampeleka Same akapande treni, na hela ya mafuta hakuitaja mpaka leo."

"Ulishika wewe tochi," Jesca alisema. "Taa moja ilikuwa imekufa."

"Nilishika tochi kuanzia Gonja mpaka Kisiwani. Mkono ulikufa ganzi."

Walicheka wote wawili, na Prosper akaona kwamba alikuwa hajawasikia wakicheka pamoja tangu arudi. Aliutazama ule mwanya uliochongoka pembeni mwa skrini yake. Kwa mara ya kwanza alielewa alichokikata.

*

Fadhila alikuwa na chumba kimoja karibu na reli, kimejaa redio za kila umri. Mwanamke wa miaka thelathini hivi, kitenge kiunoni, miwani imefungwa kwa uzi. Kazi aliirithi kwa baba yake. Aliwaamkia wazee, akamwekea Simeoni kiti, kisha Jesca akaiona redio yake juu ya meza, imefunguliwa, matumbo nje.

"Umeshaichinja," Jesca alisema.

"Bado, Mama. Nilikuwa naipima. Leo jioni ningetoa spea." Fadhila aliigeuza kwa upole. "Haina ugonjwa mkubwa. Kapasita mbili zimevimba. Inatatarika kwa sababu stesheni za mawimbi ya kati ilizokuwa inazijua karibu zote zimehama. Ni kama mtu anapiga hodi kwenye nyumba iliyohamwa."

Jesca alimweleza yote: mnunuzi, Jumamosi, paa la Gonja. Prosper alisimama mlangoni, hakuingia.

"Anataka orijino," Fadhila alisema. "Lakini redio inayosema ina bei kuliko isiyosema, hata kwa mtu wa orijino. Tunaweza kufanya yote mawili. Humu ndani kuna nafasi. Naweka bodi ndogo ya FM na blututhi, naiunganisha na vitufe vyake hivi hivi. Uso unabaki wake. Unawasha hapa hapa, unaongeza sauti hapa hapa, na hivi vitano vinachagua stesheni. Bodi ya zamani siitupi, naifunga kwenye boksi, inakwenda na gari. Siku mwenye gari akitaka kuirudisha, anafungua skrubu nne."

"Na waya?" Simeoni aliuliza. "Fundi yule amekata?"

Fadhila alitoka kwenda kuangalia, akarudi. "Amekata. Nitaunga upya na kuweka soketi kama ya kiwandani. Spika ya dashibodi karatasi yake imechanika, nitaibandika. Kuna ampli ndogo ya kukuza sauti, inakaa chini ya kiti kwa mkanda, bila kutoboa hata tundu moja. Lakini dashibodi, Mama, sina dawa nayo. Plastiki iliyokatwa haioti. Naweza kutengeneza fremu nyeusi ya kuziba mwanya. Mtu akipita haraka hataona."

"Na malipo?"

Fadhila alimtazama Prosper pale mlangoni. "Hiyo skrini ya kaka naweza kuiuza kwa wenye gari za noa. Nipeni hiyo, tumemalizana."

Prosper aliingia, akachukua bisibisi mezani bila kuambiwa, akaenda kuifungua skrini yake mwenyewe.

Iliwachukua mpaka saa kumi na moja. Prosper alishika taa, akashika waya, akatumwa kununua gundi. Redio iliporudi mahali pake, Fadhila aliuchukua mkono wa Simeoni akauweka kwenye kitufe. Mzee alizungusha. Tik. Sauti ya mtangazaji wa mpira ikajaa garini, wazi, karibu, kama mtu aliyeketi kiti cha nyuma. Simeoni aliuondoa ghafla mkono wake, akakunja mikono mapajani, akaanza kusikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Wote walisikiliza mpaka mapumziko ya mechi.

Kwenye njia ya kurudi, milima ikiwa upande wao wa kushoto inaanza kuwa ya buluu, Jesca alisema, "Baba Prosper, ukitaka tusiuze, sema sasa."

Simeoni alibonyeza kitufe cha pili, kikaleta kwaya. Akabonyeza cha tatu.

"Redio nitanunuliwa hata ya betri," alisema. "Njia ya kwetu siwezi kununuliwa. Uza."

*

Ijumaa Prosper alikuja na wazo. Mahali fremu ya Fadhila ilipokutana na dashibodi palikuwa na mstari mwembamba, na ule ufa ulionekana kwenye jua. Alikuwa amepata puti ya kuziba nyufa na rangi nyeusi. Akipaka leo, kesho pamekauka, na mnunuzi hatajua kitu.

Alipaka vizuri. Alipomaliza, alimwita baba yake akae, asikilize taarifa ya habari. Simeoni alipitisha kidole kwenye dashibodi akielekea kwenye kitufe, kidole kikasimama.

"Hapa pamezibwa."

"Haionekani, Baba."

"Mimi nimeona," Simeoni alisema.

Jesca alisikia kutoka barazani. Alikuja, akaketi kwenye kiti cha dereva, akashika usukani. "Miaka yote ile," alisema, "mtu akiletwa na kidonda, ndugu zake wamekipaka unga ili kisinuke, sisi tulikuwa tunaanza kwa kuosha ule unga. Kesho nitamwambia mwenyewe."

"Mama, atashusha tena! Paa je?"

"Atashusha. Na hatakuwa na la kunicheka."

Zephania alifika Jumamosi saa tano, shati jeupe, viatu vinavyong'aa ambavyo vumbi la Same lilivishughulikia mara moja. Alizunguka gari mara mbili, akapiga matairi teke dogo. Kabla hajafungua mlango Jesca akamwambia.

"Redio imerudi, ni ile ile. Ndani imewekwa bodi mpya ili iseme, ya zamani iko kwenye hili boksi. Chini ya kiti kuna ampli, imefungwa kwa mkanda. Dashibodi ilikatwa, hapa na hapa, na ufa uko chini ya hii rangi. Jana kijana wangu alipaka puti. Usipoambiwa leo utaiona mwakani, ukanitukana nikiwa mbali."

Prosper alitamani ardhi immeze. Zephania alimtazama, akamtazama mama, kisha akaingia ndani. Aliwasha redio, akazima, akawasha tena. Alibonyeza kila kitufe. Alilifungua boksi, akaitoa bodi ya zamani akaigeuza mkononi.

"Nani kafanya hii kazi?"

"Dada mmoja wa Lembeni."

"Hajatoboa popote." Alisema kama mtu anayejisemea. Alikwangua ile rangi kwa ukucha, akauona ufa. "Saba," alisema hatimaye. "Ungenificha, Mama, ningeondoka na hela yangu."

Jesca hakuomba nyongeza. Simeoni, barazani, aliinua tu kidevu kuonyesha amesikia.

Kuondoka kulikuwa na aibu yake. Zephania alizimisha injini mara tatu getini, watoto wa jirani wakaanza kupiga makofi. Jesca alisogea dirishani. "Usilikimbize. Choki kidogo. Sasa ngoja. Limezoea kungojewa." Gari likashika, likatoka, likakata kona. Jesca aliendelea kusimama pale getini hata mlio wake ulipopotea kwenye barabara kuu. Alikuwa ameweka mkono kwenye nyonga, na majirani wakadhani ni nyonga.

*

Milioni saba zilitosha mabati na mbao, hazikutosha fundi wa pili. Prosper alipanda Gonja akawa yeye fundi wa pili. Wiki tatu alipigilia misumari akiwa na malengelenge viganjani, na wazee waliopita njiani walimwita mtoto wa Sista, naye akaacha kuliona jina hilo kama tusi.

Walihamia mwishoni mwa mwezi wa saba, wakati wa baridi na ukungu. Asubuhi ya kwanza Simeoni aliamka kabla ya wote, akavaa koti, akachukua fimbo. Alifungua mlango mwenyewe. Jesca alisikia, akajitupia kitenge mabegani akatoka nyuma yake bila kusema, hatua ishirini nyuma, akichechemea kwa uangalifu ili kokoto zisilie.

Simeoni alipita kwenye migomba, akainama mahali penye jani linaloning'inia kana kwamba ameliona. Kwenye jiwe kubwa akakunja kushoto. Njia ilianza kushuka. Mara moja aliteleza, na Jesca akaziba mdomo kwa kiganja, lakini mzee alijishika kwenye mche wa kahawa, akaupapasa, akacheka peke yake. Chini, maji ya ndiva yalikuwa yamefunguliwa kwenda mashambani, yanasikika yakikimbia kwenye mfereji.

Hapo akasimama. Hakugeuka.

"Mama Prosper," alisema, "rudi ukaupumzishe huo mguu. Mimi nimefika."

Jesca aliketi kwenye jiwe, palepale alipokuwa, akamwacha aende.